Soketi za Mkono wa Kushoto

Jiko la Mama Keki liliungua Jumanne saa nne asubuhi, na moto ulianzia kwenye soketi. Zilikuwepo mbili tu. Moja ilikuwa ya friji. Nyingine ilikuwa nyuma ya friji, chini kabisa, ambako oveni, birika na mashine ya kukorogea vilipokezana kama wagonjwa kwenye foleni ya sindano. Pazia lilishika moto, kabati likashika, dari ikashika. Majirani walizima kwa ndoo za maji na mchanga wa ujenzi wa mtu mwingine. Hakuna aliyeumia. Zilibaki kuta nne nyeusi, sinki, na oveni, ambayo ilitoka nzima kama mtu aliyeanzisha ugomvi kisha akajiondokea zake.

Jioni ile mwanawe, karani wa ghala la mbolea, alisimama mlangoni na viatu vyake vya kazi akaogopa kuingia asije akavichafua.

"Mama, jiko nitalijenga," alisema. "Lakini fundi umeme atakuja, na ataniambia kilichounguza. Kama ni soketi, tunaweka mpya, unaendelea na keki zako. Kama ni wewe umesahau kitu, basi. Oveni inauzwa, unapumzika."

"Inauzwa na nani?"

"Mama, jamani."

"Nauliza tu. Risiti ina jina langu."

Mke wa Karani, mshonaji wa nguo, alikuwa anasugua masizi ukutani. Hakugeuka. Aliendelea kusugua mahali pale pale palipokwisha kutakata.

Mama Keki alikuwa na miaka sitini na tatu. Kuoka hakukuwa kazi aliyokuwa akiifanya ili kupitisha siku. Keki ndizo zilizoezeka bati la nyumba ile, na keki ndizo zilizomsomesha huyo aliyesimama mlangoni. Mtu wa namna hiyo ukimwambia apumzike, unamwambia akae sebuleni angoje kufa huku televisheni ikiwa imewashwa.

*

Fundi alikuja Alhamisi. Watu walimwita Chaki kwa sababu alichomeka kipande cha chaki nyuma ya sikio, pale seremala anapoweka penseli. Alikuwa mnene kidogo, mpole, mwenye nyusi zilizoungua zamani zikaota upya zikiwa zimepinda.

Alianza na maiti. Alifungua soketi iliyoungua, akaitazama, akaitikisa sikioni. Akaokota na plagi ya oveni, donge jeusi lenye meno matatu. Akavifunga vyote kwenye gazeti akatia mfukoni.

"Sasa?" Karani alimuuliza. "Nini kiliunguza?"

"Soketi ilikuwa imelegea. Hilo naliona. Mengine nitakwambia nikimaliza kazi. Mimi si mganga, siagui mlangoni."

Karani akamkabidhi mchoro. Alikuwa ameuchora kwa rula usiku mzima: soketi nane ukutani, kimo kimoja, umbali sawa kati ya moja na nyingine. Alikuwa anaupenda mchoro ule. Chaki aliugeuza huku na huku.

"Mzuri," alisema. "Hapa wanapika askari wa paredi?"

Mama Keki, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Hii ya tatu iko juu ya sinki," Chaki aliendelea. "Unataka kuchemsha maji au watu? Na hii iko nyuma ya oveni. Siku oveni ikiwaka moto na unataka kuichomoa, utaichomoaje? Kwa maombi?"

"Basi wewe unapangaje?"

"Mimi sipangi. Anayepika ndiye anayepanga. Mama, nipikie keki."

"Kwa kutumia nini, baba? Jiko halina hata kijiko."

"Bila kitu. Hivyo ndivyo kazi yangu inavyoanza. Hamna tindo inayogusa ukuta wangu kabla watu hawajapika mlo mzima humu ndani kwa mikono mitupu."

"Umekuja kutengeneza jiko au kufundisha darasa?"

"Shule nilitoka darasa la sita, mama. Nilichoondoka nacho ni hii chaki tu."

Walirudisha oveni mahali pake. Friji ikachorwa kwa chaki sakafuni. Mbao mbili juu ya ndoo nne zikawa meza. Mama Keki akainuka, akajifunga kitambaa kichwani, akasimama katikati ya chumba kitupu kama mtu aliyepanda jukwaani. Mwanzo aliona haya. Kisha mwili ukakumbuka. Alipima unga usiokuwepo. Alivunja mayai sita ya hewa, na la tano akalinusa, akakunja uso, akalitupa kwenye ndoo ya taka isiyokuwepo. Chaki alisogea pembeni kulipisha.

"Hapo mashine," alisema Mama Keki, akanyoosha mkono wa kulia.

Chaki akapiga msalaba wa chaki ukutani, pale vidole vilipoelekea.

"Birika hapa. Natia maji ya moto kwenye kakao." Mkono wa kulia. Msalaba.

"Oveni naiwasha nikiwa nimesimama hivi, maana nachungulia kioo." Mkono wa kulia. Msalaba.

Mkwe wake alikuwa mlangoni na sindano mdomoni, anapinda pindo la pazia jipya. Alimtazama mama mkwe akivunja mayai ya hewa, na machozi yakamlengalenga. Chaki alidhani ni kwa furaha. Alikosea, na hilo halikuwa kosa lake la pekee siku ile.

Misalaba ilikuwa sita ilipoisha keki. Yote ilikuwa upande wa kulia wa mahali anaposimama mpikaji, mingine juu ya oveni kidogo, mingine nyuma ya bega. "Sita zenye kazi zinazishinda nane za maonyesho," Chaki alisema, na Karani akaukunja mchoro wake mara nne.

*

Siku tatu Chaki alichimba. Alipasua mifereji, akalaza mabomba ya waya, akaipa oveni laini yake peke yake kutoka kwenye swichi kubwa, na friji yake. Alifanya kazi polepole na hakuacha waya hata mmoja upite mshazari ukutani. "Mtu atapiga msumari hapa baada ya miaka ishirini," alisema. "Mimi simjui, lakini sitaki kumuua." Kisha akasiriba plasta, akaacha vijisanduku sita vikitazama nje.

Pesa zote zilikuwa za Karani. Aliomba mkopo wa mishahara miwili kazini, na bosi wake akamwacha amesimama mbele ya meza hadi alipomaliza kula chungwa zima, kipande kwa kipande, ndipo akatia saini. Karani hakusimulia hilo nyumbani. Alimwambia mkewe tu kwamba siku hizi harufu ya machungwa inamkera.

Jumatatu akaja fundi vigae. Huyu walimwita Mstari, na alipenda unyoofu kuliko alivyowapenda binadamu. Hadi saa sita alikuwa ameshabandika vigae vyeupe vingi ukutani, anasonya kila kijisanduku cha Chaki alichokikuta njiani.

"Wewe unanitobolea ukuta kama panya," alisema.

"Na wewe unaufanya kama choo cha hospitali. Kila mtu na fani yake."

Saa saba mgeni akabisha hodi. Alikuwa mama wa bibi harusi, aliyeagiza keki ya ngazi tatu kwa ajili ya mwisho wa mwezi. Aliingia akipita juu ya mifuko ya saruji kwa ncha za viatu.

"Pole sana, mama. Pole na moto."

"Tumeshapoa. Jiko linakamilika wiki hii. Keki yenu iko pale pale."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Alitazama dari. "Tumeona tusikusumbue. Umri nao, mama, si tunakwenda wote? Tumempata binti mmoja. Nimefuata tu kile chombo changu cha kuokea, kile cha umbo la moyo."

Mafundi wawili waligeukia ukuta, wakajifanya wana shughuli. Mama Keki aliinuka kwenye ndoo yake. Alienda kwenye rafu ya koridoni, akakichukua chombo, akamnyooshea mwenyewe kwa mkono wa kulia, kwa sababu mgeni hupewa kitu kwa mkono wa kulia.

Kilianguka. Kilipiga sakafu kikazunguka kama sarafu, kwa kelele nyingi, kisha kikalala.

"Kina mafuta," alisema Mama Keki.

"Usijali, mama. Ndiyo hayo niliyokuwa nayasema." Mgeni akainama.

Chaki alimtangulia. Alikiokota, akampa. Mgeni alipokwisha kuondoka, fundi alivitazama vidole vyake, akavisugua pamoja. Vilikuwa vikavu.

*

Mstari alienda kutafuta chakula. Chaki alitoa gazeti mfukoni, akalikunjua juu ya mbao. Alitemea mate plagi ya oveni, akaisugua kwa dole gumba mpaka masizi yakatoka. Meno ya shaba yalikuwa yameungua nchani. Katikati alama ya moto ilikatika, na nusu iliyobaki ilikuwa safi.

Mama Keki alikuwa amekaa tena juu ya ndoo yake. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mfuko wa aproni.

"Mama," Chaki alisema. "Plagi hii haikuingia yote. Iliingia nusu. Oveni ikavuta umeme mwingi kupitia nusu ya jino, pakachemka, pakawaka."

"Soketi ilikuwa nzee. Umesema mwenyewe imelegea."

"Nimesema. Na ni kweli. Lakini soketi iliyolegea plagi huingia kirahisi. Hii haikusukumwa."

Mama Keki aliutoa mkono wa kulia mfukoni kwa kuuvuta na wa kushoto, akaulaza mapajani.

"Tangu lini?" Chaki aliuliza.

"Tangu mvua za mwanzo. Niliamka asubuhi umekufa ganzi. Nikasema nimeulalia. Kunyanyua unanyanyuka, unauona. Lakini vidole... ni kama nimevaa glavu za mtu mwingine. Kusukuma siwezi."

"Hospitali?"

"Nilienda peke yangu. Walisema ni kiharusi kidogo. Kidogo, ndivyo walivyosema." Alicheka bila sauti. "Dawa nameza. Nilidhani wakijua wataniondoa jikoni."

"Kwa hiyo ulinipikia keki kwa mkono ambao huna."

"Nilipika vizuri, lakini?"

"Ulipika vizuri mno. Nikakuamini kama mjinga." Akaonyesha ukutani kwa chaki. "Ona ulichonifanyia. Soketi sita, zote kulia. Utazitumia kwa mkono gani? Wa kushoto, upite juu ya oveni yenye moto, kila siku, ukiwa umejipinda kama nguo inayokamuliwa. Mama, nimekujengea mtego."

"Mwambie mwanangu soketi ilikuwa nzee. Basi. Nitajua mwenyewe la kufanya."

Chaki alirudisha chaki sikioni. "Mimi sitamwambia chochote kuhusu mkono. Mkono ni wako. Lakini swichi kubwa sitaiwasha na ukuta uko hivi. Akiniuliza kwa nini, nitamwambia amuulize mama yake."

"Unanitisha?"

"Mimi mwenyewe natishika, mama. Nimeshaona nyumba ikiungua mara mbili. Ya pili watu walikuwa wamelala."

*

Karani alirudi saa kumi na moja, amechoka, na vumbi jeupe la mbolea kwenye kola. Aliwakuta wote jikoni: mama yake, mkewe, Chaki, na Mstari anayefuta kigae cha mwisho cha siku kwa kitambaa. Vigae viling'aa. Karani akatabasamu.

"Kumbe limekwisha! Fundi, washa tuone taa."

Chaki hakujongea.

"Washa basi. Na ile habari yangu uliyoniahidi: nini kiliunguza?"

Mama Keki akainuka kwenye ndoo. Alimwendea Chaki, akachomoa chaki nyuma ya sikio lake bila kuomba. Aliichomoa kwa mkono wa kushoto.

"Mimi ndiye niliyeunguza," alisema.

Halafu akapika. Alisimama pale pale aliposimama Alhamisi, akapima unga, akavunja mayai, lakini safari hii mkono wa kulia ulining'inia kando kama mkono wa koti. Kazi zote zilikuwa za kushoto. Mayai ya hewa yalivunjika vibaya, na alilisema hilo, "Hili limeingia ganda," akainama kulitoa ganda. Alifika kwenye mashine, akanyoosha mkono wa kushoto, akachora msalaba juu ya kigae kipya cheupe cha Mstari. Birika, msalaba. Oveni, msalaba, huko ng'ambo ya pili kabisa, mbali na moto. Ilikuwa misalaba iliyopinda, kwa sababu mkono ule haukuwahi kuandika.

"Plagi sikuisukuma hadi mwisho. Nilidhani nimeisukuma. Vidole havikuniambia." Alimtazama mwanawe. "Ulisema kama ni soketi naendelea, kama ni mimi inauzwa. Ni mimi. Sasa sema."

Karani aliitazama ile misalaba iliyopinda. Akamgeukia mkewe.

"Ulijua?"

"Mkono nilijua," mkewe alisema. "Miezi miwili ananiita eti nimwonjee sukari, kumbe ni ili nimkorogee. Ya plagi sikujua. Haki ya Mungu ningejua ningesema."

"Kwa hiyo mimi ndiye mjinga wa nyumba."

"Wewe ulikuwa kazini," mama yake alisema, na alisema kwa upole.

Karani alimgeukia Chaki. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimama mbele ya meza ya mwingine. "Fundi. Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Mtu mwenye mkono mmoja anaweza kuoka humu bila kutuunguza?"

"Anaweza. Oveni haitakuwa na plagi kabisa. Waya wake utaingia ukutani moja kwa moja, kwenye swichi nene yenye taa nyekundu. Hakuna cha kusukuma. Swichi anaipiga hata kwa kiwiko. Mashine na birika mpya zitachomekwa mara moja, na mimi, na hazichomolewi. Atawasha na kuzima tu, upande wa kushoto, usawa wa kiuno. Ningeyafanya haya tangu mwanzo kama ningeangalia plagi kabla ya kuangalia mayai."

"Na akisahau kuzima?"

"Nimepoteza mkono," Mama Keki alidakia, "kichwa ninacho. Niulize jina la kila mtu aliyenidai na niliyemdai humu mtaani tangu uzaliwe."

Hakuna aliyemuuliza.

Karani alivua saa yake akaiweka kwenye mbao. Aliokota tindo na nyundo ya Chaki. Alizishika vibaya, kama mtu wa kalamu. Akaenda kwenye msalaba wa kwanza, ule wa mashine.

"Ndugu yangu!" Mstari aliruka. "Kigae hicho nimekibandika leo! Gundi haijakauka hata!"

"Afadhali," alisema Karani, akapiga.

Kigae kilipasuka vipande vitatu. Pigo la pili lilimpata kidole gumba, akatukana tusi ambalo mama yake hakuwahi kumsikia akilitoa, na mama yake akasema, "Shika chini zaidi, baba. Chini. Usiikabe." Chaki alisogea, akamrekebisha mkono. Mstari aliketi juu ya ndoo ya Mama Keki, akajishika kichwa, akanung'unika kwamba alizaliwa kuteseka. Baada ya kigae cha tatu hakuweza kuvumilia tena kuona kazi mbovu. Alimnyang'anya Karani nyundo, akavibomoa vilivyobaki mwenyewe, kwa mistari iliyonyooka.

*

Kubadilisha kulichukua siku mbili. Soketi za zamani Chaki alizing'oa, akaziba kila tundu. Siku ya tatu saa tano asubuhi aliwasha swichi kubwa mbele ya wote, hata Karani, aliyeomba ruhusa kazini. Mama Keki alisimama mahali pake, akaipiga swichi ya oveni kwa kiwiko cha kushoto, na taa nyekundu ikawaka. Hakuna aliyepiga makofi. Mkwe wake aliweka mezani trei ya mayai, akavuta kigoda, akakaa kuvunja, na kwa mara ya kwanza alifanya hivyo bila kusubiri aitwe kuonja sukari.

Gharama zake ni hizi. Vigae kumi na vinne vilivunjwa. Saruji, nusu mfuko. Waya mpya, mita tisa, na swichi nene moja yenye taa, ambavyo Chaki alilipa mwenyewe kwa kosa la kutotazama plagi. Siku mbili za Chaki, hakuzidai. Siku mbili za Mstari, alizidai zote, akalipwa moja na ahadi ya keki ya kuzaliwa ya bintiye. Mishahara miwili ya Karani, miezi minane ya makato. Ukucha mmoja wa dole gumba. Keki moja ya harusi ya ngazi tatu, ambayo ilienda kwa mwokaji mwingine. Na keki ya kwanza kutoka kwenye jiko jipya, ambayo ilitoka imeinama upande wa kushoto na kupasuka juu, isingeuzika. Hiyo waliikata vipande vitano, wakaila papo hapo, wamesimama.